Kuigiza Nako ni Kazi, Mjomba!

Kuna kazi ambazo ukizitaja nyumbani unaonekana umerukwa na akili. Sema unataka udaktari, watakuchinjia kuku. Sema unataka ualimu, watakuitikia, "Haya, Mungu akujalie." Sema sasa unataka kuigiza... nyumba nzima kimya, halafu mtu mmoja atauliza taratibu kama umeanza kuvuta bangi.

Basi kasheshe hiyo ilitua kwetu Dakawa. Kama hupajui, ni kwenye barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, jirani na Mto Wami. Wengi wanapakumbuka kwa msiba, maana ndiko alikofia Waziri Mkuu Edward Sokoine kwa ajali ya gari, Aprili 12, 1984. Sisi wenyeji tunapajua kwa mpunga. Ukikutana na mtu wa Dakawa asiyejua habari za maji ya mfereji wala kufukuza ndege, huyo mgeni.

Mdogo wangu, baada ya kumaliza kidato cha nne, alitangaza kwamba anauza mpunga wake wote, gunia nane, anashuka Dar kucheza filamu. Sababu yake ilikuwa jina moja tu: Kanumba.

Mjomba akawaka. Na sisi Waluguru mnatujua, neno la mjomba si la kurukwa kama dimbwi, na shamba lenyewe ni la ukoo wa mama. "Huyo Kanumba wenu si alikufa na miaka 28? Kazi gani hiyo isiyomfikisha mtu hata thelathini?" Kisha akanigeukia mimi. "Wewe dada mtu unaishi huko huko Dar. Hebu sema."

Makubwa! Lakini nilivyowasikiliza, niliona wote wawili wanamjua Kanumba nusu nusu.

Dogo anamjua wa kwenye kioo, yule wa suti na magari. Sote tulimjulia kwenye banda umiza: kiingilio shilingi mia, mabenchi ya mbao, jasho mpaka kwenye vidole. Tulikuwa tumezoea kung fu na sinema za Kihindi, maneno huyapati mpaka mtu akutafsirie. Halafu akaja huyu kaka, anagombana na wakwe kwa Kiswahili hiki hiki chetu! Kina mama waliopita kuchungulia mara moja walikuwa wakimjibu kwa sauti, utadhani anawasikia.

Ila Steven Charles Kanumba hakushuka kwenye basi akakuta kamera inamngoja stendi. Alizaliwa Shinyanga, Januari 8, 1984. Alianza kuigiza kanisani. Mwaka 2002 akajiunga na kundi la Kaole, lile ambalo michezo yake ilikuwa ikionyeshwa ITV, lililomtoa pia Vincent Kigosi, yaani Ray. Ndani ya kundi hakuna staa wa kujiteua, bwana. Kuna mazoezi, kuna kukosolewa mbele ya wenzako, kuna kungoja zamu.

Miaka minne baadaye, 2006, ndipo ikatoka Dar 2 Lagos, aliyocheza na Wanigeria, na jina lake likavuka mipaka. Mwaka 2008 ikaja Oprah, akiwa na Ray na Irene Uwoya. Baadaye alicheza Devil Kingdom na Ramsey Nouah, ambaye Afrika nzima ilikuwa ikimjua. Katikati ya hayo, mwaka 2009, alialikwa kwenye jumba la Big Brother Africa, na huku Bongo watu wakamcheka Kiingereza chake mpaka mbavu zikauma. Mwingine angejifungia ndani. Yeye alirudi kazini. Kwangu mimi huo ndio ustaa wenyewe.

Mjomba naye anamjua Kanumba wa kwenye msiba. Ni kweli alifariki usiku wa kuamkia Aprili 7, 2012, nyumbani kwake Sinza. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimtia hatiani mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael, yaani Lulu, kwa kuua bila kukusudia, akahukumiwa kifungo cha miaka 2. Hayo ni machungu ya nyumbani, yanaweza kumkuta hata karani wa benki.

Nikamwambia kwa adabu, "Shikamoo tena, mjomba. Vijana wangapi wamekufa hapa Dakawa wakiwa wakulima? Tuliwahi kusema jembe ndilo lililowaua?" Akanyamaza. Nikaendelea, "Na watu wale waliojaa Viwanja vya Leaders siku ya kumzika, Aprili 10, wengine wakizimia, walikuwa wanamlilia mhuni?"

Dogo akaanza kutabasamu. Nikamgeukia na yeye. "Wewe usicheke. Wakati huo wa Kanumba wengi waliuza filamu kwa msambazaji kwa mkupuo mmoja, wakala ikaisha, huku nakala za wizi zikitembezwa mitaani. Jina lilikuwa kubwa kuliko pochi. Sasa ukiuza gunia zote nane, mwezi wa tatu mwenye nyumba akigonga mlango utamwigizia nini?"

Kwa lugha ya kwetu nilimweleza hivi: mpunga haurushwi tu majini ukaota. Unaanza kitaluni, ndipo unahamishwa. Kaole ilikuwa kitalu cha Kanumba. Atafute na yeye chake, iwe kundi la maigizo au chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, ambacho kipo tangu 1981.

Hapo mjomba akaelewa. Tukakubaliana auze gunia tatu, tano zibaki ghalani, na msimu wa kupandikiza arudi shambani kama watu wengine. Mjomba akatoa na sharti lake: asije akacheza mlevi, maana ukoo utaaibika. Hilo nimemwachia dogo apatane na dairekta.

Na wewe kijana mwenzangu unayejitazama kwenye kioo ukijiita staa, sikukatishi tamaa hata kidogo. Nenda. Ila kabla hujauza cha nyumbani, kwanza ujue ni nani huko uendako atakayekufundisha kazi.