Maji, Njia na Kivuli



Mwezi uliopita tulisafiri na jamaa zetu kwa treni kutoka Mombasa, tukashuka stesheni ya Athi River, kisha tukachukua matatu kupitia Kitengela hadi Kisaju, anakoishi ndugu yetu mdogo. Kisaju iko kando ya barabara iendayo Namanga, katika nchi ya Wamasai. Ni uwanda wa nyasi na migunga, na upepo wake hautulii mchana wala usiku.

Uwanda huo sasa unakatwa viwanja. Kila utazamapo pana nguzo na seng'enge. Shemeji yetu alitusimulia kwamba walipohamia, watoto walishuka hadi korongoni kucheza, na akina mama wakiwafuata kupunga upepo wa jioni. Leo njia hiyo imezibwa na ua. “Ardhi tunaiona, shemeji,” alituambia, “ila hatuna pa kuikanyaga.”

Basi Jumamosi tulikwenda sote Nairobi, kwenye bustani iliyo kando ya Mto Nairobi, iliyopewa jina la marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa mazingira. Kwa miaka mingi mahali hapo palikuwa jaa la taka na karakana za magari. Pakasafishwa, waliokuwa wakichuma riziki pale ikawabidi wahame, na mwaka 2020 pakafunguliwa upya. Tulikuta njia za kutembea chini ya miti, mianzi kando ya maji, na familia zilizoketi nyasini. Shemeji alitandika mkeka, akavua viatu, na kwa muda mrefu hakusema neno.

Mto wenyewe haujapona. Binti mdogo wa ndugu yetu aliuinamia, akauliza, “Ami, nitawadhe hapa?” Tukamwambia asubiri. Waliosoma fiqhi wanajua kwamba maji yaliyobadilika rangi, ladha au harufu kwa najisi hayafai kwa udhu. Lakini ni huzuni iliyoje kumzuia mtoto kutawadha mbele ya mto mzima unaotiririka! Tulikwenda kuswali Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia.

Njiani tulikumbuka kwamba Mtume wetu (s.a.w.) ametutahadharisha tusikidhi haja mahali patatu: penye maji, njiani na kivulini. Maji, njia na kivuli: si ndivyo hivyo vinavyofanya bustani? Basi anayevichafua huwadhulumu wote wanaovihitaji, na anayevitunza hupata sadaka yenye kuendelea.

Usiku ule tulimnasihi ndugu yetu na majirani zake: kabla ua wa mwisho haujasimama, wachange wanunue kipande kando ya korongo, wakiweke wakfu kwa ajili ya watoto na akina mama wote wa mtaa, Waislamu na wasio Waislamu. Kuacha nafasi leo ni rahisi kuliko kuirudisha kesho kwa kuwahamisha watu.

Nasi wa Pwani tusijione tumesalimika. Tutazame hori zetu, fukwe zetu na viwanja vya mitaa yetu, tujiulize wajukuu wetu watakanyaga wapi.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wema wa amana yake. Amin.