Shajara ya Kitalu

Maungu, Jumamosi 21 Oktoba 2023

Kutwa tumepasua kokwa za mukau na akina mama wa kikundi. Wazee wetu huuita mti huu kirumbutu. Kokwa yake haina huruma: uipasue kwa kisu na nyundo, uitoe mbegu nzima, uichanje, uiloweke usiku kucha, ndipo uiatike mchangani. Ukijeruhi kiini, imeharibika. Nyanya mmoja huokota zile zilizotemwa na mbuzi zizini, kwani mbuzi hula tunda lililokomaa. Namwamini kuliko kijitabu chochote.

Voi, Jumatatu 13 Novemba 2023

Leo nchi nzima imepewa mapumziko ili ipande miti. Serikali inataka miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mvua imekolea, na watoto wamebeba miche kwa furaha iliyonigusa. Kila niliyemkabidhi mche nimemuuliza, "Februari atautilia maji nani?" Wengi wamecheka tu.

Marungu, Ijumaa 24 Novemba 2023

Nimemsihi kijana mchoma makaa apande mukau, naye kanijibu kwa adabu: "Shangazi, karo haingoji mukau ukue." Kweli tupu. Mukau huchukua miaka kumi na zaidi kutoa mbao. Gunia la makaa linapata mnunuzi leo leo kando ya barabara ya Mombasa.

Msitu uliosimama lazima umlishe aliyeuacha usimame. Ndiyo maana tangu mwanzo niliupenda mpango wa kaboni wa Kasigau: nyika ya ranchi zilizo kati ya Tsavo Mashariki na Magharibi, takriban hekta 200,000, ambayo mwaka 2011 ilikuwa ya kwanza duniani kupata hati za REDD+ zilizothibitishwa, yaani za kulipia msitu usiokatwa. Basari na maji vimetoka humo. Wanaouliza hesabu za mgao wa mapato hayo nawaunga mkono. Msitu ni wao.

Sagalla, Jumamosi 17 Februari 2024

Jua kali. Nimepita mashamba yenye uzio wa mizinga, ule wa kuzuia ndovu. Nyuki wanataka maua, kwa hiyo hapa hakuna anayekata mgunga ovyo. Miche iliyo karibu na jikoni, inayopata maji ya kuoshea vyombo, imechipua. Ya uwanjani, ya siku ile ya Novemba, imekauka.

Kikao kijacho nitapendekeza tugawe miche michache, na fedha tulizozoea kutumia siku ya kupanda alipwe mwenye mti uliotimiza mwaka ukiwa hai. Yule kijana wa Marungu nitamwomba aanze yeye.