Wa Wapi Hao?

Mwaka 2018 kaka yangu, seremala wa milango ya nakshi, aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Mwanawe aliyeko Maskati akaniletea makala ya Kiingereza kuhusu dawa iliyokuwa ikijaribiwa Marekani. "Ami," akaniomba, "mfasirie baba."

Nimefasiri mashairi kwa miaka thelathini pasi na kuisomea kazi hiyo darasani, na makala ile haikunitisha. Neno kimeng'enya nilikuwa nikilipenda zamani, kwani marehemu mama akitumeng'enyea mkate kwa vidole, kidogo kidogo.

Uvimbe wa kongosho, ilieleza makala, hujijengea boma la nyama ngumu lililojaa asidi ya hayaluroniki. Asidi hiyo hushika maji, shinikizo likapanda, mishipa midogo ya damu ikabanwa, na dawa ya saratani ikakosa pa kupitia. Wataalamu wakatwaa kimeng'enya cha binadamu chenye kuivunja asidi hiyo. Na kwa kuwa katika damu hakidumu ila dakika chache, wakakifunga nyuzi za polietilini glaikoli ili kikae zaidi.

"Kwa hiyo chenyewe hakiui uvimbe?" kaka akanikatiza.

"Hakiui. Kinafungua njia tu."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mlango ukivimba kwa masika haupigwi teke. Unarandwa."

Tukafika penye matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012: mishipa ilifunguka, dawa ikapenya, na waliotibiwa waliishi zaidi. Waliotibiwa walikuwa panya. Lugha yetu humweka panya na mwanaadamu katika ngeli moja. Nikasema "waliishi zaidi", na sarufi ikanisitiri.

"Wa wapi hao?"

"Wa Marekani."

Sikusema uongo. Usiku ule alikula wali, jambo ambalo hakulifanya kwa wiki nzima.

Alifariki Machi 2019. Novemba ya mwaka huo yakatangazwa matokeo ya jaribio kubwa la wagonjwa karibu 500 ambao saratani yao ilikwisha sambaa. Waliotiwa kimeng'enya juu ya dawa za kawaida waliishi, kwa kipimo cha kati, miezi 11.2, wenzao wasiotiwa, miezi 11.5. Uvimbe ulinywea kwa wagonjwa 47 katika kila 100, dhidi ya 36, lakini umri haukurefuka. Dawa ikaachwa. (Nduguye asiyefungwa nyuzi angalipo kazini: husaidia sindano za chini ya ngozi kupenya, zikiwemo za baadhi ya saratani za matiti.)

Mwaka jana mwana wa kaka aliniomba ile tafsiri, aiweke pamoja na randa na patasi za babake. Nimeiandika upya kwa mkono. Penye sentensi ile nimetia neno moja lililokosekana: panya waliishi zaidi. Bahasha imo ndani ya kamusi. Sijaipeleka.