Funza katika Beri za Portland

Mwishoni mwa Agosti, vichochoro vya kusini-mashariki mwa Portland, katika jimbo la Oregon, hunukia matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nyuma ya nyumba za mbao, penye nyua zilizolegea, miba imepanda mpaka juu ya mapaa ya mabanda na kuangukia upande wa pili. Mashina ni manene, yana pembe, na miba yake imepinda kwenda chini, ikishika shati haiachii. Juu yake zimening'inia beri: nyeusi zilizoiva, nyekundu zinazongoja, mbichi za kijani, na bado kuna maua meupe yaliyochelewa, vyote kwenye tawi moja.

Hakuna aliyezipanda. Mmea huu, Rubus armeniacus, asili yake ni pande za Armenia na kaskazini mwa Iran. Luther Burbank, mkulima mashuhuri wa California, aliuingiza sokoni mwaka 1885 kwa jina la Himalaya, kwa sababu mbegu alizipata kutoka India. Ndege walikula, wakatawanya. Ncha ya tawi ikigusa udongo hutoa mizizi, na kichaka kingine kinaanza. Leo Oregon inauhesabu miongoni mwa magugu hatari, na wenye viwanja hulipa watu kuung'oa. Hata hivyo kwa familia nyingi za mtaa ule ni shamba lisilodai mbegu wala mbolea, na nimewaona watu wakilichuma kwa heshima ileile wanayolipa shamba la kupanda.

Mama aliyenipokea ni mzaliwa wa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika. Katika mtaa wake Kiswahili cha Kongo unakisikia barazani na kwenye kituo cha basi. Alinipa glavu na bakuli pana lisilo na kina, maana beri zikirundikana zinapondana.

"Chuma za kwenye jua, baba," aliniambia. "Za kivulini ziko na wageni."

Wageni aliokuwa akiwataja ni funza. Wazazi wao ni nzi wadogo wa milimita mbili au tatu, jamii moja na wale wanaozunguka ndizi mbivu jikoni. Tofauti ni kwamba nzi wa ndizi hungoja tunda lianze kuoza, ilhali huyu, Drosophila suzukii, hushambulia tunda linaloiva likiwa bado zima mtini. Jike ana kiungo cha kutagia chenye meno kama msumeno. Hupasua ngozi ya beri na kuweka yai ndani. Dume unamtambua kwa doa jeusi kwenye kila bawa. Nzi huyu alielezwa kisayansi Japani mwaka 1931, akaonekana California mwaka 2008, na mwaka uliofuata alikuwa tayari Oregon. Siku hizi ameshathibitishwa hata Kenya, katika mashamba ya beri ya Nakuru, kwa hiyo habari hii si ya Marekani peke yake.

Ushauri wa Mama kuhusu jua una msingi. Nzi huyu hupenda ubaridi na unyevu, na joto likizidi nyuzi 30 hivi hulegea. Nilipofunua tawi la ndani, karibu na ardhi, beri zilikuwa laini, zinatoa maji, na nyingine zilibaki vidoleni kama uji. Za nje zilikuwa ngumu, zinang'aa, na zilikatika kwa mvuto mdogo. Niliziona pia beri zilizoiva nusu, punje nyeusi zimechanganyika na punje nyekundu ngumu zisizobadilika kamwe. Hiyo si kazi ya funza. Ni kazi ya utitiri, viumbe wadogo kiasi kwamba jicho tupu haliwaoni, na punje hizo hubaki chachu mpaka mwisho. Tulizipita.

Jikoni, Mama alichota beri za kujaribia, akazimimina kwenye bakuli la maji ya chumvi: kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe cha maji. Tukangoja kama robo saa. Kwanza walielea buibui mdogo na sisimizi wawili. Kisha, polepole, vikaanza kutoka vijiuzi vyeupe, vyembamba, visivyo na miguu, vikijinyonganyonga. Mjukuu wake wa kike, ambaye mchana kutwa alikuwa akila moja kwa moja kutoka mtini, aliyaangalia yale mabuu, akafunika mdomo akakimbia.

Namwelewa, lakini nasikitika kila ninapoona watu wazima wakifanya kama yeye, wakamwaga ndoo nzima. Mabuu haya hayana sumu na hayamletei mlaji ugonjwa. Sisi wa pwani tumekula mapera yenye funza tangu utoto, na tangu mwaka 2003, nzi mwingine wa Asia, Bactrocera dorsalis, alipogunduliwa Kenya, maembe yetu nayo yanajua habari hiyo. Pera unalipasua, unakata sehemu iliyoliwa, unakula. Beri haipasuki hivyo, ndiyo maana inataka ujanja mwingine.

Ujanja wenyewe ni haraka na baridi. Mama huchuma kila baada ya siku mbili, asiiache beri iliyoiva ikimngoja nzi. Akifika nyumbani huzitia kwenye jokofu papo hapo, kwa sababu ubaridi husimamisha mayai yasianguliwe. Za kula siku hizo hubaki hapo. Nyingine huzigandisha au kuzichemsha na sukari ziwe jamu. Zilizooza na zilizoanguka hazitupi chini ya kichaka. Huzifunga kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani na kuuanika juani, mabuu yafe kwa joto.

Jirani mmoja alipita akashauri dawa ya kupuliza. Mama alimshukuru, akamwonyesha nyuki waliokuwa kwenye yale maua meupe yaliyochelewa. Naungana naye kabisa. Buu akishakuwa ndani ya tunda dawa haimfikii, na nyuki anayefyonza pale hana kosa. Watafiti wamechagua njia nyingine: nyigu mdogo wa Asia, Ganaspis, anayetaga ndani ya mabuu ya nzi huyu. Aliruhusiwa Marekani mwaka 2021, akaanza kuachiliwa mwaka uliofuata, Oregon ikiwamo. Vichaka vya mwituni kama hivi, ambavyo nzi amevifanya maskani, ndivyo vinavyomfaa nyigu pia.

Sumu ninayoiogopa mimi iko kwingine, na Mama ndiye aliyenionyesha. Jioni tulitembea kwenye njia ya baiskeli ya Springwater, iliyowekwa juu ya reli ya zamani. Pembeni kulikuwa na ukuta wa beri kubwa, nyeusi, za kuvutia kuliko zote tulizochuma. Majani ya sehemu moja yalikuwa yamekunjamana na kugeuka kahawia wakati kila kitu kingine ni kijani: hapo palipuliziwa dawa ya magugu. Mjukuu alinyoosha mkono. Bibi yake aliudaka kabla haujafika.

"Zile za nyumbani ziko na wadudu, mdudu tunamtoa," alimwambia. "Hii hatuwezi kuitoa."

Msichana aliuliza kama basi za nyumbani anaruhusiwa kula tena. Aliambiwa ndiyo, za juu, upande wa jua, na tuliporudi alienda moja kwa moja uani.