Kutafuta Saba Owino
Shangazi yangu anauza viatu vya mitumba Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Wateja wakipungua, tunajaza sudoku ya gazeti. Zile ngumu hazitaki kubahatisha: ukikosea kwenye kisanduku cha tatu kati ya 81, utagundua ukifika cha sabini. Mimi huandika kwa penseli tarakimu zote zinazowezekana. Kisha natafuta, tuseme, 7. Ikiwa katika mistari miwili inaweza kuingia kwenye safu mbili zilezile tu, naifuta kwingine kote katika safu hizo. Shangazi, aliyeishia darasa la nne, aliiona mbinu hiyo kabla yangu, tena bila penseli. Juzi aliniuliza ada ya masomo ya watu wazima ni kiasi gani.