Mgeni wa Kulipa Jijini London

Katika mitaa ya Paddington na Bayswater, jijini London, zimepangana nyumba nyeupe zenye nguzo mlangoni, zilizojengwa karne ya 19 kwa ajili ya watu wenye nafasi. Nyingi leo ni hoteli. Lakini uzuri wa nje hausemi yaliyomo ndani: ngazi nyembamba, vyumba vilivyogawanywa vikawa vidogo, na pengine lifti hakuna.

Sisi tulilipia chumba cha ghorofa ya chini, kwa kuwa mama ni mtu mzima na magoti yanamsumbua. Tulifika asubuhi, tukaambiwa tungoje hadi saa tisa alasiri; kisha tukapewa chumba cha ghorofa ya nne. Mama alipanda akipumzika kila baada ya ngazi chache, na siku mbili nzima hakushuka. Msalani hapakuwa na maji ya kustanjia, ila karatasi. Asubuhi, mayai yaliletwa sahani moja na nyama ya nguruwe. Kila tulipolalamika, tulijibiwa kwa tabasamu tu.

Faraja ilikuwa nje: migahawa ya halali ya Edgware Road, na msikiti mkubwa wa Regent's Park. Siku ya tatu, Ijumaa, mama alishuka taratibu, akaenda kuswali humo.

Ndugu msomaji, ukisafiri na wazee, kabla ya kulipa taka jibu la maandishi: ghorofa, lifti, saa ya kupokewa, chakula. Ada ya mja hunena; muungwana ni vitendo.