Amplifaya ya Mzee

Marehemu baba aliniachia amplifaya, spika mbili na sharti: nisiviuze. Ila jamani, kwangu Mbeya muziki wa simuni ulikuwa kero. Gitaa la Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, lilisikika kama linapigwa ndani ya debe.

Kaka wa Iringa akacheka. Yeye ana strima, inavuta muziki yenyewe kwenye mtandao. "Niachie amplifaya, mdogo wangu, chukua strima." Kubadilishana siyo kuuza, eti!

Nikapanda basi, amplifaya mapajani. Mfukoni kigeuzi changu cha bei poa, kidude kama kiberiti: kinapokea tarakimu za kompyuta, kinazigeuza kuwa umeme unaoeleweka na amplifaya.

Tulimfunga wifi kitambaa machoni (mke wa kaka, siyo ile ya intaneti). Wimbo mmoja kutoka CD, vipimo 44,100 kila sekunde, mara strima, mara kigeuzi. Mizunguko kumi, akapatia mitano. Alikuwa anabahatisha tu.

Halafu Mbaraka. Debe kotekote! Nakala yangu ilitoka kwenye kanda, ikabanwa kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde. Kilichotupwa pale hakirudishwi na mashine yoyote. Kumbe nagombana na vyombo, kosa la faili!

Asubuhi nikabeba amplifaya yangu. Kaka hakunisindikiza. Stendi wifi akaninong'oneza: "Strima siyo shida yake. Alitaka kitu cha baba."

Niliipakata kimya mpaka Makambako.